Joto huviharibia wapi vyombo vya muziki: njiani, stoo au jukwaani?

SWALI: Fundi, assalaam aleikum. Sisi ni kikundi kidogo cha taarabu hapa Kisauni, Mombasa, na pia tunakodisha vyombo vya sauti kwa harusi. Mwezi wa Machi tulialikwa Garissa. Tuliondoka asubuhi kwa pikapu na gari la Probox, udi wetu wa nyuzi ukiwa nyuma ya Probox juu ya mizigo ndani ya kasha lake jeusi. Tulisimama Garsen kula na kuswali, tukafika Garissa jioni. Kesho yake harusi ilianza saa tisa alasiri chini ya turubai, na stima tulivuta kwa jirani kwa ekstensheni ya mita hamsini. Amplifaya ilizimika kila baada ya dakika arobaini hivi, kisha ikajiwasha yenyewe. Kioo cha kinanda kikawa cheusi chote. Na nilipoutoa udi nikakuta daraja, kile kipande kinachofungiwa nyuzi, limeinuka kwa nyuma na nyuzi ziko juu. Watu wananishauri ninunue kiyoyozi cha stoo yetu ya mabati. Je, hiyo ndiyo dawa, au kuna njia nyingine ya kuvilinda vyombo na joto kali? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mahali paliponisimamisha si pale ulipotaja amplifaya, bali pale ulipopita mbio, kwamba mlisimama Garsen kula na kuswali. Hukusema gari liliegeshwa wapi, lakini mtu anayefika Garsen mchana wa mwezi wa Machi huegesha penye nafasi, na penye nafasi aghalabu huwa ni juani. Naamini udi wako haukuharibikia jukwaani Garissa. Uliharibikia ndani ya Probox nanyi mkiwa mnakula, mkaubeba hadi mwisho wa safari ukiwa umekwisha kuumia.

Nalisema hilo mapema kwa sababu wengi wetu huliogopa joto la jukwaani, ambalo tunalitokea jasho wenyewe, na tukalisahau lile la njiani na la stoo, ambalo hakuna mtu anayekuwapo kulihisi. Utabiri wa hewa unaposema kwamba Garissa patakuwa na nyuzijoto 37, tarakimu hiyo hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, zaidi ya mita moja kutoka ardhini. Chombo chako hakiishi ndani ya kisanduku hicho. Gari lililofungwa vioo juani hulipita joto la nje kwa nyuzijoto 20 hivi ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya kupanda huko hutokea katika nusu saa ya kwanza, kabla hata sahani hazijafika mezani. Nje pakiwa na 36, hewa ya ndani hufika 55 au kuzidi. Na hiyo ni hewa tu, kwani kitu cheusi kinachopigwa na jua kupitia kioo hupata moto kuliko hewa inayokizunguka. Dashibodi nyeusi hufika 70 na ushei bila taabu. Kasha jeusi la udi lililopandishwa juu ya mizigo, chini ya kioo cha nyuma, halina tofauti na dashibodi.

Sasa tazama kinachoushikilia udi. Maudi mengi ya mkono huunganishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ile inayopashwa kwenye maji ya moto na kupakwa ikiwa ya uvuguvugu. Fundi anayetaka kuufungua udi ili autengeneze hupasha kisu chembamba, hutia unyevu kidogo kwenye kiungo, na joto likikaribia nyuzijoto 60 gundi huachia. Gundi nyeupe ya maseremala nayo hupoteza nguvu yake karibu na joto hilohilo. Maana yake ni kwamba mlimfanyia fundi kazi yake bila ya kukusudia: joto lilikuwapo, unyevu wa Mombasa ulikuwa bado umo ndani ya mbao, na nyuzi 11 zilizokazwa, zinazovuta kwa jumla ya zaidi ya kilo 30, zilikuwa ndizo mkono wa kubandulia. Daraja la udi si kama la fidla, ambalo husimama kwa kukandamizwa na nyuzi zenyewe. Limegundishwa kwenye ubao wa uso wenye unene wa milimita mbili hivi, nyuzi zote zimefungwa hapohapo, na gundi ikilegea huanza kuinuka kwa nyuma, sawasawa na ulivyoeleza.

Kwa hiyo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, nenda ukazilegeze nyuzi zote mpaka zilale. Kisha chukua kipande cha karatasi na ujaribu kukipitisha pale shingo inapokutana na tumbo la udi, kwa sababu nyuzi zilizopanda juu zaweza kutokana na daraja, na zaweza pia kuwa ni dalili kwamba kiungo cha shingo nacho kimeanza kuachia. Karatasi ikiingia, mweleze fundi mapema, kwani hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine. Jambo ambalo sitaki ulifanye ni kutia supaglu. Supaglu hupenya kwenye vinyweleo vya mbao na kugeuka kuwa kama kioo, na anayekuja baadaye hana njia ila kuikwangua pamoja na mbao yenyewe. Niliwahi kuletewa udi ambao daraja lake lilikuwa limebandikwa kwa supaglu mara tatu. Lilipong'oka mara ya nne liliondoka na kipande cha uso kinachotosha kiganja cha mtoto. Aliyelibandika alinihakikishia kwamba alitumia gundi kali kuliko zote sokoni. Nilimsadiki, na hapo ndipo palipokuwa na kosa: gundi ya daraja inatakiwa iwe na nguvu, na pia iwe tayari kuachia kwa heshima siku fundi anapoitaka iachie.

Safari ijayo udi na ukae pale wanapokaa watu, miguuni mwa abiria wa nyuma, mbali na kioo, umefunikwa shuka jeupe juu ya kasha, na nyuzi zimeshushwa kwa toni nzima. Mkisimama kula, ushuke nanyi na upewe kiti kama mgeni. Najua wahudumu watacheka.

Kuna jambo la pili kuhusu Garissa ambalo halihusiani na jua. Hewa ya Mombasa ni nzito kwa unyevu, na mara nyingi asubuhi huvuka asilimia 80. Hewa ya Garissa mchana wa Machi yaweza kuwa nusu ya hapo. Mbao hufyonza na kutoa unyevu kila siku, na ubao wa uso uliozoea pwani hunywea unapofikishwa bara kavu ghafla, hasa ukitolewa kwenye kasha na kuachwa wazi usiku kucha. Mafundi wengi hupendelea chombo cha mbao kikae penye unyevu wa asilimia 45 hadi 60. Huwezi kuibadilisha hewa ya Garissa, lakini unaweza kuibadilisha hewa ya ndani ya kasha: chukua kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni, kitoboe matundu, weka ndani yake kipande cha sifongo kilicholowanishwa na kukamuliwa mpaka kisidondoke, ukiweke karibu na shingo na ulifunge kasha. Ukirudi Mombasa kitoe, kwa maana hapa nyumbani adui ni unyevu wenyewe.

Kama kikundi chenu kina akodiani, nayo ina hatari yake ambayo wapigaji wengi hawaijui mpaka yawakute. Ndimi za chuma zinazotoa sauti ndani yake hushikiliwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo, na nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Haihitaji kufika huko. Ikilainika tu, ulimi husogea, sauti mbili huanza kulia kwa pamoja au moja hunyamaza kabisa. Chombo kilichopata moto namna hiyo kiache kipoe kikiwa kimekaa kama kinavyokaa siku zote, wala usivute mvukuto kujaribu kama bado ki salama, maana kuvuta huko ndiko kunakoziondoa ndimi mahali pake. Ngoma peke yake ndizo zinazopenda moto, nazo kwa kipimo. Tangu zamani wapigaji wetu huzipasha motoni ili ngozi ikauke na kukaza, nao hujua kwa sikio wakati wa kuziondoa; jua la Garissa halina sikio, na ngozi iliyowambwa pwani ikaachwa juani huko huendelea kukaza mpaka ichanike. Zifunike, au mtumie zile za ngozi ya plastiki.

Nageukia amplifaya, ambayo naona imekutia hofu kuliko udi ilhali yenyewe haikuharibika. Chombo kinachozimika baada ya dakika arobaini na kujiwasha kikishapoa kinafanya kazi yake vizuri. Ndani yake mna kidhibiti kidogo kilichobanwa kwenye bapa la alumini lenye mapezi, na joto la bapa hilo likifika kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, ambacho aghalabu huwa katika nyuzijoto 80 hadi 90, hukata sauti ili transista, vile vipande vya ndani vinavyoikuza sauti, zisiungue. Wapo mafundi wa mtaani ambao ukiwapelekea amplifaya ya namna hiyo watakishoti kidhibiti hicho kwa waya, nawe utaondoka umefurahi kwa kuwa haizimiki tena. Itazimika mara moja tu, na siku hiyo itaondoka na spika zako.

Swali la haki ni kwa nini ilifika huko, na katika barua yako naona sababu nne zilizopandana. Ya kwanza ni jua. Unasema mlikuwa chini ya turubai, na hilo lingetosha adhuhuri. Lakini saa tisa na saa kumi jua huwa limeinama, huingia kwa ubavu chini ya turubai na kulipiga kasha la amplifaya usoni au mgongoni. Jua kali la mchana usio na mawingu hushusha kama wati 1000 kwa kila mita mraba inayolielekea. Kasha jeusi lenye ubavu wa sentimita 60 kwa 60 lililoelekezwa kwake hupokea zaidi ya wati 300, na alasiri jua lililopungua nguvu bado humwaga kama 250. Ni kama kuegemeza pasi ndogo iliyowashwa kwenye kasha na kuiacha hapo muda wote wa harusi. Turubai la pembeni, upande wa magharibi, lingewafaa kuliko feni mbili.

Sababu ya pili ni joto la amplifaya yenyewe. Zile nzito zenye transfoma kubwa hugeuza karibu nusu ya umeme zinaoutumia kuwa joto wakati zinapofanya kazi kwa nguvu, ilhali hizi nyepesi za siku hizi, zinazokatakata umeme kwa kasi, hupoteza kama sehemu moja ya kumi. Joto hilo lazima litoke, na hutoka kwa feni. Fungua kichujio cha mbele ya amplifaya yako ukiangalie. Nimefungua amplifaya zilizofanya kazi pwani kwa miaka mitatu bila kusafishwa, na vumbi lililochanganyika na chumvi ya bahari lilikuwa limeshonana katikati ya mapezi ya alumini mpaka ungelivua kama blanketi. Amplifaya ya hali hiyo huweza kustahimili Mombasa kwenye nyuzijoto 31, lakini ikifika kwenye 37 haina tena pa kupumulia. Kasha nalo huwa ni tatizo: lina mlango mbele na mlango nyuma, na vijana wakiwa na haraka hufungua wa mbele tu. Feni huvuta hewa, huizungusha ndani ya kasha lililofungwa nyuma, kisha huivuta tena ikiwa imekwisha kupata moto.

Ya tatu ni ekstensheni, na hapa nitakupa hesabu kwa sababu watu hawaiamini mpaka waione. Waya wa mita 50 wenye unene wa milimita mraba 1.5 unapeleka umeme na kuurudisha, yaani mita 100 za shaba, na ukinzani wake, yaani kiasi unachouzuia umeme usipite, ni zaidi kidogo ya omu moja. Ukipitisha ampea 10, unapoteza kama volti 11 na ushei njiani, na waya wenyewe unatoa wati zipatazo 115 za joto. Ukiwa umetandazwa wote chini, joto hilo hutawanyika usiligundue. Ukiwa umebaki kwenye rola, nusu yake imezungushwa na nusu imevutwa, joto la mizunguko ya ndani halina pa kwenda, plastiki hulainika, na ndiyo maana rola nyingi huandikwa kiasi kimoja cha wati zikiwa zimefungwa na kiasi kikubwa zaidi zikiwa zimefunguliwa zote. Fungua waya wote, hata kama jirani yuko mita kumi. Tena amplifaya nyingi nyepesi za kisasa, volti zikipungua, huvuta ampea zaidi ili kufidia, hivyo stima dhaifu ya mwisho wa mtaa huzidisha moto badala ya kuupunguza.

Ya nne umeitaja bila kujua, uliposema mnakodisha kwa harusi: wageni wanapozidi, spika huongezwa. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba kwenye njia moja huwa omu 4. Nne huwa omu 2. Kila mara ukinzani unapopungua nusu, amplifaya hudaiwa mkondo maradufu. Soma nyuma ya amplifaya yako imeandikwa kiwango gani cha chini, na siku ya joto kali usikifikie kabisa, hata kama kimeruhusiwa.

Hapa pana kitu ambacho mtu wa mixa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, lazima akijue. Ndani ya spika mna koili, yaani waya uliozungushwa, ya shaba au ya alumini, na ukinzani wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzijoto moja inayopanda. Spika ikipigwa kwa nguvu kwa muda mrefu koili yake yaweza kupanda kwa nyuzijoto 200, na ukinzani wake ukakaribia kuwa maradufu. Matokeo yake ni kwamba sauti hufifia polepole bila kitufe chochote kuguswa. Kijana wa mixa akisikia sauti imelegea huongeza, koili huzidi moto, sauti hulegea tena, naye huongeza tena. Saa kumi na moja jioni amplifaya inasukuma kwa nguvu zake zote, na aliye mbali bado analalamika kwamba hasikii. Dawa yake ni kupumzisha, si kuongeza: wimbo mmoja wa taratibu, au dakika kumi za hotuba ya mzee, huipoza koili kuliko feni yoyote utakayoinunua. Katika taarabu tuna bahati kwamba nyimbo zetu ni ndefu na bwana harusi huchelewa.

Kioo cha kinanda nisikuchoshe nacho. Maji maji yaliyomo ndani ya kioo cha aina hiyo hupoteza mpangilio wake yakipata moto kupita kiasi, na kioo huwa cheusi. Kikipoa maandishi hurudi. Vitabu vingi vya vinanda hutaja nyuzijoto 35 au 40 kuwa mwisho wa joto la hewa la kufanyia kazi, na kinanda cheusi kilichopigwa na jua huupita mpaka huo kabla ya wimbo wa kwanza kumalizika. Kifunike kwa kanga ya rangi nyeupe wakati hakipigwi, na kisimame kwenye kona isiyoelekea magharibi. Madhara yanayobaki ni ya ndani na hayaonekani: kapasita zake, vile vipande vinavyotunza chaji ya umeme, huzeeka. Kanuni ambayo mafundi wa elektroniki huitumia ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka hupunguza nusu ya umri wa kapasita. Ile iliyoandikwa saa 2000 kwenye nyuzijoto 105 itatarajiwa kuishi saa 32,000 ikikaa kwenye 65, na nusu tu ya hizo ikikaa kwenye 75. Ndiyo sababu kinanda au mixa iliyopitia misimu mitano ya kaskazi stoo ya mabati huanza kuvuma na kukoroma bila ya kuangushwa wala kulowa.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye swali lako la kiyoyozi. Jibu langu ni hapana, na sababu yangu kubwa si bei ya stima. Fikiria siku yenye unyevu mwingi ya Machi hapa Mombasa, hewa ikiwa na nyuzijoto 32 na unyevu wa asilimia 75. Hewa ya namna hiyo huanza kutoa maji ikigusa kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzijoto 27. Sasa umeiwekea stoo kiyoyozi cha 20, unafungua mlango saa sita mchana, vijana wanazibeba amplifaya na mixa hadi kwenye pikapu, na kila bati la ndani, kila kiungo cha risasi, kila kichwa cha maikrofoni kina nyuzijoto 20. Vyote vinatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Mkifika ukumbini baada ya nusu saa na kuwasha, mnapitisha volti 240 ndani ya chombo chenye umande wenye chumvi ya bahari. Mara nyingi hakitaungua siku hiyo. Kitaanza kuota kutu ya kijani kwenye viungo, na baada ya mwaka mmoja utaleta mixa kwa fundi ukisema njia ya tatu inakatakata.

Huko Garissa hatari hii ni ndogo, kwa kuwa hewa ya nyuzijoto 35 yenye unyevu wa asilimia 40 haianzi kutoa umande mpaka ipozwe chini ya 20. Kwa hiyo chumba cha hoteli chenye kiyoyozi cha 24 hakina neno Garissa, ilhali kwenye hoteli ya ufukweni Nyali siku yenye unyevu kitakuumiza. Ukilazimika kulaza vyombo kwenye chumba baridi pwani, vitoe vikiwa ndani ya makasha yaliyofungwa, uviache kivulini saa moja au mbili mpaka kasha lenyewe lisihisi ubaridi ukiligusa, ndipo ufungue. Umande utatokea juu ya kasha, ambako hauna madhara. Na mtu asikuambie uweke mchele ndani ya kasha kunyonya unyevu. Mchele huleta vumbi na wadudu. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya hufanya kazi hiyo, na vikishiba unyevu vingi vyake hukaushwa kwa moto mdogo na kutumiwa tena.

Stoo yako inachohitaji ni kitu cha kuyazuia mabati yasivimulike vyombo joto moja kwa moja. Bati linalopigwa na jua huwa moto usioshikika, nalo humulika joto kuelekea chini kama jiko la kuchomea mkate, hata upande wa ndani ukiwa na kivuli. Wazee wetu wa pwani walikuwa na jibu la hili muda mrefu kabla ya kiyoyozi: ezeka makuti juu ya mabati, ukiacha nafasi ya shubiri moja ili hewa ipite katikati. Ukishindwa makuti, weka dari ya mbao nyepesi na ulipake bati rangi nyeupe kwa juu. Toboa matundu mapana mawili yanayoelekeana, moja chini upande wa bahari na moja juu kabisa ukutani upande wa pili, uyazibe kwa wavu wa mbu. Vyombo vya elektroniki vikae rafu ya chini, sentimita 20 kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa magharibi. Rafu ya juu weka vitu visivyojali joto, kama stendi na nyaya. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, na maudi ya taarabu yamedumu katika visiwa hivi kwa vizazi bila ya kiyoyozi, kwa sababu kuta nene za mawe ya matumbawe hupata joto polepole na kulitoa polepole. Kama una jamaa mwenye chumba cha chini kwenye nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, mpangie udi wako huko na stoo ya mabati uiachie spika.

Betri uzitenge na vyote hivyo. Betri za lithiamu, zilizomo kwenye maikrofoni nyingi zisizo na waya na kwenye simu mnayopigia muziki, hazifai kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzijoto 45, kwa hiyo usizichaji garini wala juu ya amplifaya, pahali ambapo kila kikundi ninachokijua huziweka. Spika za kuburuta zenye betri ya asidi zisiachwe stoo bila chaji, maana joto huimaliza haraka na ikikaa tupu haifufuki.

Safari za bara zipangeni usiku au alfajiri, kadiri usalama wa barabara unavyoruhusu. Sisi tuna neema ya usiku unaopoa; Qurayyat, Oman, tarehe 26 Juni 2018, kipimajoto hakikushuka chini ya 42.6 kwa saa 24 nzima, na huko hakuna saa ya kumpumzishia mtu wala chombo. Kama alfajiri haitoshi kuwafikisha kabla ya jua kali, kituo cha kula kiwe ni pale penye mti, na mmoja wenu ale zamu ya pili.

Badala ya kiyoyozi, nunua kipimajoto kidogo cha dijitali chenye kukumbuka joto la juu na la chini pamoja na unyevu. Bei yake haifiki ya mlo wa kikundi chenu Garsen. Kiweke ndani ya kasha la udi lililo tupu, juu ya mizigo ya Probox, mahali palepale, na gari uliegeshe juani Kisauni kuanzia saa sita hadi saa nane mchana. Kesho yake kiweke stoo, rafu ya juu, kutwa nzima, na siku ya tatu rafu ya chini. Ziandike tarakimu hizo tatu kwenye karatasi, umpe fundi wa udi pamoja na udi wenyewe, ili ajue gundi yake itakwenda kukutana na nini.